Muulize Mjomba wa Sinema: Kivuli kinapanda ngazi, mwenyewe yuko wapi?

Mwezi huu barua karibu zote ni za mizimu, sijui ndo mvua hizi au umeme unavyokatika kila jioni. Haya, tuanze.

Shikamoo mjomba. Sisi ni vijana wanne tunatengeneza kamuvi kafupi ka jini linalokaa kwenye nyumba ya kupanga. Tumeazima ringi laiti ya dada mmoja anayepaka watu meikapu, jini tumempaka unga wa ngano uso mzima, macho tumemzungushia wanja, na taa ya chumbani tukaiwasha ili aonekane vizuri maana tumehangaika naye kweli. Tulivyowaonyesha majirani walicheka mpaka bibi mmoja akaomba turudie. Halafu juzi nimeangalia Nosferatu, ya 1922, muvi haina hata sauti, nimelala taa inawaka. Tunakosea wapi?
*Kijana wa Kihonda, Morogoro*

Marahaba. Bibi kuomba irudiwe nayo ni sifa, ila siyo ile mliyoitafuta.

Ugomvi wangu ni na hiyo ringi laiti. Kazi yake ni kufuta vivuli usoni, ndo maana wauza vipodozi wanaipenda, sasa mkishamfuta jini vivuli vyote kinachobaki ni jamaa yenu ana unga. Rudi kwenye Nosferatu, karibu na mwisho, pale mnyonya damu Orlok anapomfuata yule mwanamke chumbani kwake. Wewe humuoni Orlok. Unaona ukuta na kivuli juu yake, kichwa kipara, mabega yamepinda, vidole virefu kupita kiasi, kinapanda ngazi taratibu kama mtu mwenye nyumba. Kikifika mlangoni mkono unazidi kurefuka. Baadaye kidogo kivuli cha ule mkono kinatambaa juu ya nguo nyeupe ya yule mama, kinafika kifuani, kinafumba ngumi, na mama anajikunja kwa maumivu. Hakuna aliyemgusa! Hapo mwongozaji F. W. Murnau, Mjerumani, katumia taa na ukuta basi, na Max Schreck aliyeigiza Orlok alikuwa pembeni huko nje ya picha.

Leo umeme ukikatika (na utakatika) weka koroboi sakafuni au tochi ya simu, simama kati yake na ukuta. Ukiisogelea taa kivuli chako kinavimba kinapanda mpaka darini, ukisogea ukutani kinarudi saizi yako. Sasa nyoosha mkono kwenye taa halafu urudishe polepole. Umeona? Huo ndo mguu wa jini lenu, mkono wake, na kila kitu chake. Taa moja tu, iwe chini na ubavuni, nyingine zote zimeni, na unga mrudishieni mama mwenye nyumba apike chapati.

Ila msipitilize. Kuna Wajerumani wengine miaka miwili kabla, kwenye The Cabinet of Dr. Caligari ya 1920, walivipaka vivuli vingine kwa brashi kabisa sakafuni na ukutani, nyumba zimeinama, madirisha yana pembe kama yamekatwa na fundi aliyelewa, barabara haiendi popote. Inavutia na imeigwa mpaka leo, mimi naiheshimu kuliko ninavyoipenda. Baada ya nusu saa nahisi niko kwenye maonyesho ya picha za kuchora.

Asalaam aleikum ami. Mimi pia nimeiona hiyo Nosferatu na nina dukuduku. Yule mnyonya damu mwisho yuwafa kwa jua la asubuhi, sawa. Sasa mbona kabla ya hapo apita mjini na jeneza lake kwapani na jua laangaza kila pahali, vivuli vya nyumba waviona kabisa? Au kasahau?
*Msomaji wa Kisauni, Mombasa*

Waaleikum salaam. Hajasahau, wewe ndo umeangalia kopi iliyopauka.

Mkanda wa filamu wa enzi hizo ulikuwa mvivu, ulitaka mwanga mwingi mno ndo ushike picha, kwa hiyo nje usiku hupati kitu. Wakawa wanapiga mchana na jua lao, halafu ule mkanda wa maonyesho wanautia rangi, bluu maana yake usiku, njano maana yake ndani kuna taa, waridi maana yake kunapambazuka. Mtazamaji wa 1922 akiona bluu anajua huu ni usiku wa manane hahitaji kuambiwa. Baadaye watu wakanakili hizo filamu bila rangi, nyeusi na nyeupe tupu, na kopi hizo ndo zimejaa mitandaoni, ndo hapo mzee anaonekana amebeba jeneza saa saba mchana kama anapeleka mzigo stendi. Zipo kopi zilizokarabatiwa zikarudishiwa rangi, tafuta hiyo uangalie tena, utadhani ni muvi nyingine.

Na hilo la jua kumuua lilianzia kwenye muvi hiyo hiyo. Kwenye riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, 1897, jamaa mchana anatembea, anapungukiwa nguvu tu. Wajerumani walichukua hadithi bila ruhusa wakabadilisha majina, mjane wa Stoker akawashtaki, mahakama ikaamuru kopi ziharibiwe. Tunaiona leo kwa sababu zingine zilishasambaa.

Kabla sijasahau, pale gari la farasi linapopita msituni na miti ni myeupe na mbingu nyeusi, walichofanya ni kuweka ile negativu yenyewe (mkanda uliotoka kwenye kamera, weupe unaonekana weusi na weusi weupe) badala ya picha iliyosafishwa. Kama una negativu za zamani kabatini inyanyue moja dirishani uangalie sura ya shangazi yako, meno meusi na macho yanawaka. Inatosha.

Mambo mjomba. Siku hizo kompyuta hakuna, walikuwa wanamfanyaje mtu awe kama moshi, anapita na ukuta unauona nyuma yake?
*Fundi simu, Mwanza*

Poa. Ni kupiga mara mbili juu ya mkanda ule ule. Unapiga kwanza chumba na vitu vyake, unaziba lenzi, unarudisha mkanda mpaka ulipoanzia, halafu unampiga mzuka peke yake mbele ya kitambaa cheusi. Pale peusi mkanda haushiki kitu, anashikwa yeye tu, na kwa kuwa kiti na ukuta vilishaingia kabla basi unaviona kupitia tumboni mwake. Nyumbani kwetu ipo picha ya studio babu amekaa kwenye kiti na huyo huyo babu amesimama nyuma ya kiti kajishika bega, tulivyokuwa wadogo hakuna aliyekubali kulala chumba chenye ile picha.

Sasa kwenye picha ya mnato hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kwenye filamu ni adhabu, maana kamera zilikuwa zinazungushwa kwa mkono kama cherehani, ukizungusha mara ya kwanza kwa mwendo huu na mara ya pili kwa mwendo mwingine mzimu na chumba haviendani. Waswidi walilifanya hilo kwenye The Phantom Carriage ya Victor Sjöström iliyotoka tarehe 1 Januari 1921, mpiga picha Julius Jaenzon, na kuna mahali tabaka zinafika nne. Hadithi ni kwamba mtu wa mwisho kufa usiku wa mkesha wa mwaka mpya ndiye anaendesha gari la mauti mwaka mzima anakusanya roho. Kuna kipande lile gari linapita juu ya bahari, mawimbi unayaona kupitia magurudumu, linamfuata mtu aliyezama. Dereva anashuka mpaka chini majini kumchukua. Nimekiona mara nyingi na bado huwa naacha kula.

Wewe ni fundi kwa hiyo nikuongezee moja. Kwenye Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya 1931 uso wa mtu unabadilika mbele yako, kamera haijakata. Walimpaka mistari ya rangi, tuseme nyekundu, halafu mbele ya lenzi wakaweka kioo chekundu. Kupitia kioo chekundu rangi nyekundu inapotelea kwenye ngozi, huoni kitu. Ukikitelezesha taratibu ukaleta cha kijani mistari inaibuka myeusi, mashavu yanabonyea, macho yanazama. Kwa kuwa filamu ni nyeusi na nyeupe mtazamaji hajui kwamba kioo kimebadilika rangi. Mwongozaji Rouben Mamoulian kwa miaka mingi hakutaka kuitoa hiyo siri.

Niaje anko. Si uwongo, hizo muvi za kitambo zinaboesha. Unakaa saa nzima unangoja ghost na haitokei. Mbona mnazisifu hivyo?
*Msomaji wa Umoja, Nairobi*

Fiti. Nusu nakubali. Dracula ya 1931 kwa mfano, mwanzo pale kwenye kasri ni utamu, ngazi kubwa, utando wa buibui, Bela Lugosi anayeigiza Dracula amemulikwa machoni tu uso wote giza (na kuna wale wanyama wa Amerika wenye gamba, armadilo, wanatembeatembea sakafuni eti Ulaya, sijui nani aliwaita), lakini wakishafika London ni watu wamesimama sebuleni wanaongea. Hapo nenda kachemshe chai.

Lakini kungoja kwenyewe ndo pesa yako ilipo bwana. Tafuta Cat People ya 1942, Val Lewton ndiye prodyuza, Jacques Tourneur mwongozaji, pesa kidogo na studio ikataka muvi ya kutisha yenye chui. Wakaona chui wa kuaminika hawamuwezi, wakamficha. Mwanamke anatembea usiku kando ya bustani, taa moja ya barabarani, giza, taa nyingine, giza, viatu vyake ko ko ko na nyuma viatu vya mwingine ko ko ko. Halafu vile vya nyuma vinanyamaza, na hapo ndo shughuli, maana anayekufuata bila viatu ni nani? Anaharakisha, anaangalia juu ya ukuta, matawi yanacheza, na ghafla psshhh! Ni basi. Breki za basi la abiria limekuja kusimama. Nilimwaga karanga zote. Mpaka leo watu wa filamu mshtuko wa namna hiyo wanauita basi.

Na The Haunting ya Robert Wise, 1963, mzimu hautokei mpaka unafika mwisho, nakwambia kabisa usije ukanidai. Kuna mlango. Wamejifungia ndani na ule mlango wa mbao unaanza kuvimba kuja ndani, unarudi, unavimba, kama kifua cha mtu anapumua. Nyuma yake ni mfanyakazi anausukuma, mbao zimebandikwa tabaka tabaka ili zipinde zisivunjike. Wise alitaka pia kuta zionekane zimekaa vibaya, akaomba lenzi pana ambayo haikuwa imekamilika, inapindisha picha, wenye nayo wakamsainisha karatasi kwamba anajua ina kasoro. Alisaini mbio, kasoro ndo aliyokuwa anaitaka.

Na kama lazima uone mzimu, basi uone wa mchana. The Innocents, 1961. Ng'ambo ya ziwa, katikati ya matete, mwanamke amevaa nyeusi amesimama tu, mchana kabisa. Hafanyi chochote.

Shikamoo kaka. Mume wangu anabisha zombi na msukule si kitu kimoja, eti zombi anakula watu. Nani kapata?
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

Marahaba dada. Wewe. Zombi wa Haiti ni maiti aliyefufuliwa akafanyishwa kazi shambani bila hiari yake, huyo kama siyo msukule ni nani. Wa kula watu alikuja na Night of the Living Dead, 1968, na humo hata neno zombi hawalitaji. Mwonyeshe bwana I Walked with a Zombie ya 1943, ya Tourneur huyo huyo. Nesi anamuongoza mgonjwa wake usiku kati ya miwa, muziki hakuna, ni upepo na majani ya miwa yanasuguana, kushoto na kulia hawaoni zaidi ya hatua mbili. Mbele kwenye njia panda yupo mtu mrefu, macho wazi hayapepesi, Darby Jones ndiye aliyeigiza. Hawazuii wala hawagusi, wanapita karibu naye kabisa. Aliyekulia karibu na shamba la miwa hahitaji tafsiri hapo.

Mjomba mimi nimejaribu kwenye simu, naona giza tu na vimiraba vyeusi vinachezacheza. Nafanyaje?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Hivyo vimiraba ni video iliyobanwa sana, giza ndo la kwanza kuharibika kwa sababu programu inaona pale hakuna kitu inapatupa. Shusha kopi kubwa zaidi, hata kama itakula bando. Zima taa ya chumbani na ufute kioo, maana ukiangalia muvi ya giza dirisha likiwa wazi unachoona ni uso wako mwenyewe. Mwanga wa simu usiupandishe mpaka mwisho, weusi unageuka kijivu. Vaa iafoni. Anza na Vampyr ya Carl Dreyer, 1932, ile yote inaonekana kama kuna ukungu na hiyo siyo simu yako, walining'iniza kitambaa chepesi mbele ya lenzi. Humo kuna mlinzi mwenye mguu wa gongo amekaa kwenye benchi, kivuli chake kinakuja peke yake kutoka nje, kinakaa, kinajipanga sawa na mwenyewe. Ukiona hicho umeona vizuri, simu yako haina tatizo.