Maswali ya Wasomaji: Kuanzia uwezo wa kijana, si kosa lake tu

Swali: Kituoni kwetu tuna kijana wa miaka 15 aliyemjeruhi mwenzake kwa chupa. Tuliagizwa tumsaidie kwa kuanzia uwezo wake. Tukajaza fomu: “mcheshi, mchapakazi, anapenda mpira.” Miezi miwili sasa, habadiliki. Tunakosea wapi? *Mlezi wa vijana*

Jibu: Mmekusanya sifa, na sifa tupu hazifanyi kazi. Swali la kuanzia ni hili: siku ile aliposhika chupa, alikuwa anatafuta nini? Tony Ward, mwanasaikolojia wa New Zealand aliyeasisi mtindo wa kurekebisha wakosaji uitwao Maisha Mema, anaanzia hapo. Anayeumiza wenzake anatafuta yaleyale tunayoyatafuta sote, yaani heshima, kupendwa, utulivu wa moyo, kujiamulia mambo, ila amepita njia mbovu.

Kaeni naye, mrudi nyuma hatua kwa hatua. Nani alikuwepo? Nani alicheka? Chora safu tatu: hitaji, njia aliyotumia, njia nyingine. Tuseme safu ya kwanza imeandikwa “nisidharauliwe mbele ya wenzangu.” Hapo mpira unaacha kuwa kitu anachopenda tu, unakuwa mahali pa kuipata heshima hiyo. Apewe kutunza vifaa na kupanga ratiba ya mazoezi, timu imtegemee. (Kama aliowaumiza ni watoto wadogo, msimpe kusimamia wadogo, hata awe hodari vipi.)

Kisha tafuteni mpango wake unakwama wapi. Huenda njia yenyewe inadhuru watu. Huenda maisha yake yote yameegemea hitaji moja, mengine yamesahaulika. Huenda mahitaji mawili yanagongana: anataka mama yake amwamini, na hataki genge limwone mwoga. Au anajua linalotakiwa ila hana ujuzi wala nafasi ya kulifanya. Hili la mwisho ndilo huwapita wengi. Kijana keshaambiwa “hasira hasara” mara mia, lakini hakuna aliyemwonyesha mwili wake unafanya nini sekunde chache kabla hajapiga: taya linakaza, masikio yanapata moto.

Muulizeni, “Lini ulikasirika vilevile usipige? Ulifanya nini?” Akisema, “Niliondoka nikaenda kunywa maji,” mmepata uwezo wa kweli. Ufanyieni mazoezi mara mbili tatu kwa wiki, mmoja wenu akiigiza mchokozi, mpaka miguu ijue njia.

Malengo yawe moja au mawili, kwa maneno yake mwenyewe, na yaonekane ndani ya wiki mbili. “Awe na tabia njema” si lengo. “Nikitukanwa uwanjani nakwenda kwa kocha kabla sijajibu” ni lengo. Na wiki mbili zikienda vizuri, msikimbilie kulegeza usimamizi. Kosa hilo tunaliona mara nyingi kuliko yote.

Swali: Mwanangu ndiye aliyeumizwa. Nasikia mkosaji anafundishwa ufundi na kusifiwa. Huku si kumdekeza? *Mama*

Jibu: Pole sana, mama. Una haki ya kuuliza. Kazi hii ikifanywa sawasawa, usalama wa mwanao unatangulia. Lazima uwepo mpango ulioandikwa: nani anamsimamia kijana huyo, saa zipi, wapi haruhusiwi kukanyaga, nani anapigiwa simu akikiuka. Uliza kama upo, uombe kuelezwa sehemu inayomhusu mwanao.

Kuwajibika hakukwepeki. Kijana anatakiwa kueleza alichofanya bila kuongeza “lakini yeye ndiye alianza.” Asichotakiwa kusikia kila siku ni kwamba yeye hana lingine ila kosa lake, maana anayeamini hivyo haoni tena cha kupoteza.

Barua ya kuomba radhi anaweza kuiandika kama zoezi, lakini haitumwi mpaka mwanao mwenyewe aitake. Vikao vya familia, ambapo mkosaji, aliyeumizwa na jamaa zao hukaa pamoja, kama vile New Zealand ilivyoviweka katika sheria mwaka 1989 vinaweza kusaidia, ila kila upande huandaliwa peke yake kwanza. Kikao cha haraka haraka ili “yaishe” humuumiza mwanao mara ya pili. Mkikataa, hamjakosea.

Swali: Tukiwapeleka vijana kama hawa gerezani ili watishwe na wafungwa, je? *Mwalimu*

Jibu: Hapana. Programu hizo zilivuma Marekani tangu miaka ya 1970. Walipolinganishwa waliopelekwa na wasiopelekwa, waliopelekwa ndio waliozidi kufanya makosa.

Swali: Tunao vijana tisa wa namna hii. Tuwaweke kundi moja? *Mfanyakazi wa ustawi wa jamii*

Jibu: Kwa tahadhari kubwa. Mwaka 1999 watafiti Dishion, McCord na Poulin walionya kwamba vijana wa namna hii wakikusanywa hufundishana ubaya. Mmoja anasimulia alivyopiga mtu, wengine wanacheka, na kicheko hicho ndicho tuzo. Mkilazimika, wawepo watu wazima wawili, na simulizi za aina hiyo zikatwe mapema, kwa upole, kabla kicheko hakijaanza.

Halafu si wote tisa wanaohitaji dozi moja. Wanasaikolojia Andrews na Bonta wa Kanada walikwisha kulisema hilo mwaka 1990: uzito wa programu ulingane na hatari aliyonayo mtu. Aliyekosa mara moja, ana mlezi imara na bado yuko shule, akirundikwa na waliobobea anaweza kutoka mbaya kuliko alivyoingia. Huyo mwekeeni kikao na familia yake, alipe fidia anayoiweza, na asikose darasa.