Shoti ya kifuani: maswali yenu kuhusu kifaa cha kushtua moyo

"Baba amepandikizwa kifaa cha kushtua moyo. Daktari anasema umeme wake una awamu mbili. Maana yake nini?" (Binti, Himo)

Binti yangu, chukua peni na risiti yoyote. Chora mstari wa nguvu ya umeme unaopanda wima kutoka sifuri, uteremke taratibu kama barabara ya kutoka Marangu, kisha ukatwe ghafla. Hiyo ni awamu moja. Sasa mstari ukishakatwa, uvushe chini ya sifuri, halafu uurudishe polepole kuelekea sifuri. Hizo ni mbili: chanya na hasi zimebadilishana. Shoti nzima huisha kabla hujapepesa jicho.

Kifaa cha kwanza kupandikizwa kwa mtu, kazi ya Michel Mirowski na wenzake, Baltimore, Marekani, mwaka 1980, kilikuwa cha awamu moja. Awamu mbili zilishika miaka ya 1990. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba awamu ya kwanza inazima mtetemo, yaani moyo kutetemeka ovyo badala ya kudunda, lakini inaacha mabaki ya chaji kwenye chembe za moyo, na mabaki hayo yanaweza kuwasha fujo upya. Ya pili inayafuta. Kwa hiyo umeme mdogo zaidi unatosha, na kifaa kilichokuwa kikiwekwa tumboni kikapungua hadi kukaa chini ya mtulinga.

"Miaka ikipita, si moyo utazoea, shoti ishindwe?" (Sakina, Arusha)

Moyo hauzoei shoti, ila hofu yako ina msingi. Enzi za awamu moja, baadhi ya wagonjwa walihitaji nguvu kubwa zaidi miezi kadhaa baada ya upasuaji, na akiba, yaani tofauti kati ya nguvu ya juu ya kifaa na nguvu inayohitajika, ikapungua. Kwa awamu mbili kiwango cha nguvu inayohitajika kwa kawaida hutulia miaka na miaka. Vifaa vingi hufikia jouli (kipimo cha nishati) 35 hadi 40, na madaktari wamezoea kutaka akiba ya jouli 10 hivi. Kinachovuruga hesabu ni mambo mengine: waya uliosogea au kuchubuka, moyo uliotanuka, na dawa. Amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, inaweza kupandisha kiwango hicho, kwa hiyo ukiandikiwa, hakikisha kliniki ya kifaa inajua.

"Kila shoti inakula betri?" (Majengo, Moshi)

Inakula. Betri ya volti chache inajaza kapasita, kihifadhi umeme cha muda, hadi volti mia saba na zaidi, kwa sekunde kadhaa. Lakini hata usipopigwa shoti hata moja, betri inapungua, kwa sababu kifaa kinausikiliza moyo usiku na mchana, na mara kwa mara kinajaza kapasita ili isidorore.

"Mimi ni fundi wa kuchomelea, mtaa wa Unga Limited, Arusha. Nirudi kazini?"

Usirudi kabla hujamuuliza daktari wako, fundi. Kelele za umeme za mashine yako kifaa kinaweza kuzidhania mtetemo wa moyo, kikakupiga ukiwa macho, tochi mkononi.

"Mke wangu akinishika wakati wa shoti?" (Mzee, Usa River)

Shikamoo mzee. Anaweza kuhisi mchomo kidogo, hadhuriki. Atashtuka zaidi kwa ukelele wako.