Mama anakula pipi za CBD na huku anameza wafarini

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu naishi nae hapa Pasua, Moshi, ana miaka 63 na anameza wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu damu ilipomganda mguuni. Mdogo wake kaja kutoka Marekani kamletea pipi laini za CBD eti za magoti na usingizi, kila moja miligramu 25, anakula mbili usiku. Nikimwambia anasema ni mmea tu. Sasa wiki hii akipiga mswaki fizi zinatoka damu, je ni hizo pipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo fizi ndo zimenishtua. CBD, kemikali ya kwenye mmea wa bangi, inavunjwa na ini kwa vimeng'enya vilevile vinavyovunja wafarini, vikielemewa wafarini inabaki nyingi mwilini kuliko daktari alivyopanga na mtu anaweza kuvuja damu hata tumboni au kichwani bila nyie kuona. Fizi zina sababu nyingi, ila usisubiri, mpeleke leoleo hospitali ya KCMC au Mawenzi wakampime INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, na kopo la hizo pipi mlibebe. Pipi aache kabisa, ila wafarini asiiache wala asiipunguze kwa kichwa chake, damu inaweza kuganda tena, hilo ni la daktari. Na akishaacha pipi INR irudiwe maana inaweza kushuka. Mkiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu au kichwa kimeuma ghafla vibaya sana, kimbieni emajensi hata kama ni saa nane usiku.

Kuwa mmea sio hoja, bangi nayo ni mmea na CBD inatoka humohumo. Kweli hailewishi, lakini ni dawa yenye nguvu, Marekani mwaka 2018 walipitisha CBD ya kutibu aina fulani za kifafa kikali na wanaoitumia wanapimwa ini mara kwa mara. Uingereza mwaka 2023 walishusha kiwango cha CBD wanachoshauri kwa mtu mzima mwenye afya hadi miligramu 10 kwa siku, mama anakula 50! Na wanaomeza dawa nyingine wanashauriwa wasiiguse bila daktari. Halafu hata hizo namba za kwenye kopo usiziamini sana, Marekani mwaka 2017 walipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni, zilizoandikwa kiwango sahihi hazikufika hata theluthi, na nyingine zilikutwa na THC, ile inayolewesha.

Kama kuna watoto hapo nyumbani lifungie hilo kopo mkirudi, mtoto ataona pipi tu. Na magoti mwambieni daktari hukohuko, asinunuliwe diklofenaki wala brufeni duka la dawa, na zenyewe zinazidisha kuvuja damu ukichanganya na wafarini.