Nani alimuua Eva Smith? Usimruhusu mtoto agawe lawama kwa asilimia

Wazazi wenzangu mlioko Uingereza, kama una mtoto anayejiandaa na mtihani wa sekondari wa GCSE wa fasihi, huenda ameshaleta nyumbani kitabu chembamba cha tamthilia, An Inspector Calls ya J. B. Priestley. Nimekuwa nikiwasaidia watoto wa ndugu na majirani kukisoma, na wengi hukwama palepale. Ukiwauliza nani alaumiwe kwa kifo cha Eva Smith, wanaanza mahesabu: baba asilimia 20, mama 40, Gerald 10, kama watu wanaochangia bili ya hoteli. Wazuie mapema. Hesabu hiyo ndiyo wanayoitaka Bwana Birling na mkewe, yaani huyo baba na mama, kila mmoja akitafuta fungu lake liwe dogo.

Kwa ambaye hajaisoma: ni mwaka 1912, katika mji wa kubuni wa Brumley. Akina Birling wanasherehekea uchumba wa binti yao Sheila na Gerald Croft. Mara anaingia mtu anayejitambulisha kuwa Inspekta Goole: kuna msichana, Eva Smith, amejiua. Kumbe kila mmoja mle ndani alishapita katika maisha ya msichana huyo. Birling alimfukuza kiwandani kwa kuwa miongoni mwa vinara wa mgomo, walipodai shilingi 25 kwa wiki badala ya 22 na nusu. Sheila akamponza akapoteza kazi dukani, kisa alidhani amechekwa akijaribu gauni. Gerald akamfanya kimada, halafu akamwacha. Eric, kaka yake Sheila, akampa mimba na kumpa pesa alizoiba ofisini kwa baba yake. Mwishowe Bi Birling, mwenye sauti kubwa katika kamati ya hisani ya wanawake, akahakikisha msichana anaondoka mikono mitupu.

Hakuna mahakama ambayo ingemtia hatiani yeyote kati yao kwa kifo kile. Kwa hiyo badala ya kumuuliza mtoto nani amekosa zaidi, muulize hivi: siku alipokutana na Eva, kila mmoja wao alikuwa na uwezo gani, na Eva alikuwa amebakiwa na nini? Alipofukuzwa kiwandani bado alikuwa na nguvu za kutafuta kazi nyingine. Alipofika mbele ya kamati alikuwa mjamzito, hana kazi, na pesa za Eric ameshazikataa baada ya kujua ni za wizi. Mwenye maadili katika nyumba nzima ile ni yule ambaye hayupo! Bi Birling aliambiwa habari za pesa hizo, akaona ni uongo wa mtu wa tabaka la chini. Anasisitiza mbele ya inspekta kwamba aliyempa mimba atafutwe na aadhibiwe hadharani, asijue anamhukumu mwanawe. Mpe mama wa nyumbani asome maneno hayo ya Bi Birling kwa sauti. Watoto hucheka, kwa sababu kila ukoo una shangazi wa namna hiyo.

Sehemu yenye utajiri zaidi ni ile baada ya inspekta kuondoka, na ndiyo wanafunzi wanayoipitia haraka. Gerald anagundua kwamba polisi hawana mtu wa jina hilo. Picha nayo ilionyeshwa kwa mmoja mmoja, hivyo huenda ilikuwa ya wasichana tofauti. Anapiga simu hospitali: hakuna aliyekufa. Wazee wanashusha pumzi, wanarudia vinywaji. Mwachie mtoto muda mrefu hapa. Je, kuna kilichobadilika? Wasichana wakiwa watano, makosa ni yaleyale matano. Kilichopungua ni maiti tu. Sheila na Eric wanaliona hilo, wazazi wao hawalioni, na insha nzuri hujengwa juu ya tofauti hiyo. Ila asimsafishe Sheila kwa sababu amelia. Majuto yake ni ya kweli, na hayakumrudishia msichana kazi.

Kuhusu historia, machache yanatosha. Tamthilia iliandikwa mwishoni mwa Vita vya Pili, ikaonyeshwa kwanza Urusi ya Kisovieti mwaka 1945, kisha London mwaka 1946. Birling anapotamba kwamba vita havitakuja na Titanic haizami, watazamaji wale walikuwa wamezika watu wao katika vita viwili.

Jambo la mwisho ni lile swali la kama inspekta ni mzimu. Vijana hulipenda mno na hujaza ukurasa mzima. Mruhusu sentensi moja, kisha umrudishe kwenye simu inayolia mwishoni, inayosema msichana amefariki sasa hivi na polisi wako njiani. Aeleze kila mmoja wa wale watano atajibu nini safari hii, akitumia maneno waliyokwisha kuyasema wenyewe.