TV Yenye Tundu la Waya Tu Nayo Inaingia Waifai

Kabla hujaiuza TV yako kwa bei ya kutupa kwa sababu "haina waifai", igeuze uangalie mgongoni. Ukiona kitundu cha mraba kilichoandikwa LAN, yaani tundu la waya wa intaneti, usiiuze kwanza.

Ruta yetu iko sebuleni, pale fundi alipoingizia waya wa faiba. TV iko chumbani kwa mama, upande wa pili wa korido. Kwa miezi kadhaa nilitandaza waya wa mita 15 sakafuni na kuubandika kwa selotepu. Alfajiri moja mama alijikwaa akienda kutawadha, akajishikiza ukutani. Hakuumia, lakini moyo wangu ulishtuka. Nikakata shauri: waya ule hautalala pale tena.

Nilianza kwa kununua kidude cha waifai cha USB. Muuzaji alinihakikishia kinakubali kila kitu. Kwenye kompyuta kilikubali, kwenye TV nikaambulia patupu. Kidude cha aina hiyo hakifanyi kazi bila draiva yake, yaani programu ndogo ya kukiendesha, na TV nyingi za zamani zimewekewa draiva ya kidude cha kampuni iliyozitengeneza, basi. Hata mashine ya michezo ya Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005 ilikuwa na tundu la waya tu. Aliyetaka waifai alinunua adapta yake maalumu, mpaka lilipokuja toleo la 2010 lenye waifai ndani.

Kilichotuokoa ni ruta ndogo ya kusafiria. Yangu ni TP-Link TL-WR802N, inaenea kiganjani. Inanasa waifai ya nyumbani kisha inaitoa kwa waya mfupi unaoingia kwenye lile tundu la LAN. TV inajua imechomekewa waya tu, kwa hiyo haidai draiva yoyote.

Kuiseti nilitumia simu. Jina la waifai yake na nywila vipo kwenye kibandiko. Ukishaunganisha, fungua kivinjari, andika 192.168.0.1, kisha kwenye orodha ya namna za kufanya kazi chagua Client. Hapo ndipo wengi wanapotea, wanachagua Access Point, ambayo kazi yake ni kinyume kabisa. Kisha chagua waifai ya nyumbani na uandike nywila yake taratibu, ukiangalia herufi kubwa na ndogo. Kwenye TV nenda mipangilio ya mtandao, chagua waya, mengine iache ijitafutie yenyewe. Taa ndogo ya kijani ilipowaka pembeni mwa lile tundu, nilimwita mama aje aione.

Ruta hii inashika masafa ya 2.4 GHz peke yake. Kama waifai yako ina majina mawili, lile la 5 GHz hutaliona kwenye orodha, usidhani imeharibika. Na ukija kubadilisha nywila ya nyumbani, bonyeza kitufe cha kurejesha mwanzo uiseti upya, maana ikiwa Client hairushi tena waifai yake, simu haitaiona.

Umeme ndio ulionisumbua zaidi. Nilichomeka ruta kwenye USB ya TV ili kupunguza waya. Video ikicheza dakika chache, inakatika, taa inazima na kuwaka. Ruta inataka ampea 1, na USB za TV nyingi hutoa nusu yake. Nikaihamishia kwenye chaja ya simu ukutani, ikatulia. Pia nimeitoa nyuma ya TV nikaiweka juu ya kabati, kwa sababu bati la mgongo wa TV linazuia mawimbi. Kwa picha safi ya 1080p, Netflix wanashauri kasi ya intaneti ya Mbps 5, na hizo inazimudu.

Ila kabla hujatoa hela, azima waya mrefu uiunganishe TV na ruta kwa saa moja. Fungua YouTube na kila programu unayoitaka. TV za zamani nyingi programu zake zimeacha kuungwa mkono, na kama haifunguki kwa waya, kwa ruta ndogo pia haitafunguka.