Emuleta au simuleta? Jua kinachoigwa kabla hujaamini jibu

Chukua programu iliyokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kuwa amri za mashine) kwenye meinfremu ya IBM, yaani kompyuta kubwa ya mashirika, ilivyo, bila kugusa hata biti moja, uipeleke kwenye mashine unayotaka kuifanyia majaribio. Ikikubali kuendeshwa, hapo una emuleta. Ikibidi urudi kwenye msimbo chanzo ukaikompaili upya, hapo una simuleta, hata kama muuzaji ameipa jina jingine. Emuleta huiga mashine yenyewe: amri za prosesa, rejista, chaneli, diski. Simuleta huiga tabia inayoonekana kwa nje, na ndani inafanya mambo kwa njia zake.

Kipimo hiki tunakipendekeza kwa sababu majina yamechanganyika tangu zamani. IBM ilipotangaza familia ya meinfremu ya System/360 tarehe 7 Aprili 1964, wateja walikuwa na programu nyingi za 1401, kompyuta yake ya awali, na hawakuwa tayari kuziandika upya. Model 30 ya familia hiyo iliweza kuziendesha kwa msaada wa mikrokodi (maelekezo ya ndani kabisa ya prosesa) iliyowekwa ndani ya mashine, na njia hiyo ya kuchanganya maunzi na programu ndiyo iliyoitwa emuleta. Kuiga kwa programu tupu kuliitwa simuleta, na kulikuwa kwa polepole mno. Leo Hercules, inayoiga meinfremu za IBM na iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, ni programu tupu lakini kila mtu anaiita emuleta. SIMH ya Bob Supnik, inayoiga kompyuta za zamani, nayo inaendesha programu za zamani kama zilivyo, na bado inajiita simuleta. Halafu kuna x3270, ambayo pia ni emuleta, ila ya terminali tu, yaani skrini na kibodi za kuingilia meinfremu. Mtu akikuambia ana emuleta ya meinfremu, muulize ni ya nini.

Hasara kubwa hutokea pale mtu anapohamisha programu zake za lugha ya COBOL kwenda Linux, akazikompaili kwa GnuCOBOL, kompaila huria ya lugha hiyo, zikapita bila kosa, akadhani amepata meinfremu ndogo. Chaguo la `-std=ibm` linafuata kanuni za lugha ya IBM, lakini haligeuzi data yako kuwa EBCDIC, usimbaji wa herufi wa meinfremu. Panga rekodi kwa funguo tatu: a1, B1 na 1C. Kwenye EBCDIC herufi ndogo hutangulia, kisha kubwa, kisha tarakimu, kwa hiyo mpangilio ni a1, B1, 1C. Kwenye ASCII, usimbaji wa Linux, ni 1C, B1, a1, kinyume chake kabisa. Programu inayolinganisha faili mbili, moja ikiwa imepangwa kwenye meinfremu na nyingine kwenye Linux, itakuambia rekodi hazina wenzake ilhali zipo.

Nambari za COMP-3, zinazobana tarakimu mbili kwenye baiti moja, ndizo hatari zaidi, na inafaa kuziangalia baiti kwa baiti. Nambari +125 huhifadhiwa kwa baiti mbili, zikiandikwa kwa heksadesimali: 12 5C. Nusu ya mwisho, C, ndiyo alama ya chanya. Sasa mtu ahamishe faili hiyo kwa FTP ya hali ya maandishi. Kigeuzi kinaiona 5C kama nyota ya EBCDIC na kuiandika 2A, ambayo ni nyota ya ASCII. Baiti 12 inabaki 12. Matokeo ni 12 2A, na kwa kuwa A nayo ni alama halali ya chanya kwenye mashine za IBM, hiyo ni +122. Hakuna kosa lililoripotiwa, pesa zimepungua tatu. Nambari hasi ni afadhali: -125 ni 12 5D, 5D inageuka 29, tarakimu 9 si alama, na meinfremu inasimamisha kazi kwa S0C7, kosa la data mbovu ya nambari. Ndiyo maana majaribio yanayotumia salio hasi peke yake au chanya peke yake hayatoshi.

Dawa yake ni kuhamisha faili kwa hali ya baineri kila mara, kisha kugeuza uga mmoja mmoja ukifuata kopibuku, faili inayoeleza muundo wa rekodi: sehemu za maandishi (PIC X) na za tarakimu za kawaida zisizo na alama (PIC 9) ndizo zigeuzwe herufi, zile za COMP (nambari za baineri) na COMP-3 ziachwe zilivyo. Linganisha jumla za fedha pande zote mbili kabla ya jambo lingine. Na unapojaribu, kompaili kwa `-debug`, maana bila hiyo data mbovu inaweza kupita kimya pale ambapo meinfremu ingesimama.

Kwa anayetaka kujifunza mashine yenyewe, TK4- inatosha: ni Hercules pamoja na MVS 3.8j, mfumo endeshi wa zamani wa meinfremu. Fungua zipu, endesha `./mvs`, unganisha x3270 kwenye localhost mlango 3270, ingia kwa HERC01 na nywila CUL8TR. JCL, maelekezo ya kuendesha kazi, unaweza kuituma kwenye kisoma kadi cha kuigwa kwa `nc -w1 localhost 3505 < kazi.jcl`, na matokeo ya kazi iliyoandikwa MSGCLASS=A utayakuta kwenye `prt/prt00e.txt`. Kwenye kadi ya JOB, mstari wa kwanza wa JCL, weka USER na PASSWORD, la sivyo RAKF, mfumo wa usalama wa humo, inaweza kuinyima kazi yako ruhusa ya faili. Andika JCL kwa herufi kubwa, usivuke safu ya 71, na usitumie tabu. Kompaila ya COBOL humo ni ya kale, haijui END-IF wala EVALUATE. Programu ikikataliwa hapo, emuleta haina kosa. Ukimaliza, toka kwenye menyu hadi uone neno READY, andika `shutdown`, kisha `logoff`, usubiri. Kufunga dirisha la Hercules tu ni sawa na kuchomoa waya wa umeme, na faili za diski zinaweza kuharibika.

z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu za sasa, usiipangie kwenye Hercules, kwa sababu IBM haitoi leseni yake kwa Hercules. Kwa watengenezaji programu IBM ina emuleta yake, zPDT, inayokaa juu ya Linux na kudai ufunguo wa leseni.

Jambo moja emuleta haikupi, hata iwe sahihi kiasi gani: muda. Hercules inatoa jibu lilelile la hesabu, lakini haiigi kasi ya chaneli wala mzunguko wa diski halisi ya meinfremu kama 3390. Kazi iliyochukua dakika 3 kwenye laptopu haisemi lolote kuhusu dirisha lako la usiku, muda uliotengewa kazi za usiku kwenye meinfremu. Swali la foleni, la kazi ngapi zitasubiri kwa muda gani, ni la simuleta za namna ya GPSS, aliyoibuni Geoffrey Gordon akiwa IBM mwaka 1961. Hizo hazigusi data yako hata kidogo. Unazipa vipimo vya kazi zinavyowasili na muda wa huduma, vilivyotoka kwenye rekodi za SMF, kumbukumbu za utendaji za mashine halisi.