Tazama kisigino, achana na vigae

Maswali ya wasomaji. Safari hii tumechagua barua za wenye wagonjwa wa kuuguzwa muda mrefu, zote kutoka Mwanza na pembezoni mwa ziwa.

SWALI: Baba yetu ana miaka 71. Amepata kiharusi, upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki. Hospitali wanatutaka tumchukue wiki ijayo, lakini mchana nyumbani habaki mtu. Tumeona vituo viwili vya uuguzi na utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia. Kimoja kina vigae, televisheni kubwa na bustani. Kingine ni jengo la zamani, rangi imebanduka. Wote wanasema "tuna wataalamu". Tutajuaje kipi ni kipi, na tuna siku moja tu ya kuzunguka? *Msomaji, Nyegezi*

JIBU: Poleni na kuuguza. Siku moja inatosha, ila igaweni mara mbili. Nendeni saa sita mchana, wakati wa chakula, mkiwa mmetoa taarifa. Kisha mmoja wenu arudi saa mbili usiku bila kumwambia mtu. Mchana kila kituo kinapendeza.

Anzeni na zamu. Msiulize "mna wauguzi wangapi?" maana mtatajiwa wote walioajiriwa, hata aliye likizo. Ulizeni hivi: "Jana usiku zamu ilikuwa ya nani, na wagonjwa wasioweza kujigeuza walikuwa wangapi?" Halafu pigeni hesabu wenyewe. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Kumgeuza, kumkagua ngozi na kumbadilisha pampasi, kwa watu wawili wanaojua kazi, ni kama dakika 10. Wagonjwa 15 ni dakika 150, na saa mbili zina dakika 120 tu. Kituo chenye wagonjwa 15 wa aina hiyo na wahudumu wawili usiku hakiwezi kuwageuza wote kwa wakati hata kikiwa na nia njema kiasi gani.

Sasa ombeni kuona chati ya kugeuza, jina la mgonjwa likiwa limefunikwa, kwa sababu ni siri yake. Chati ya kweli ni chafu kidogo: miandiko miwili mitatu, kalamu tofauti, saa zisizo sawasawa, na mahali pengine imeandikwa "amekataa, bega linauma". Mkikuta ni saa sita mchana na nafasi za saa nane na saa kumi tayari zina tiki, shukuruni kwa chai muende zenu.

Wakati wa chakula, simameni pembeni mtazame. Mgonjwa wa kiharusi hupimwa kwanza kama anameza vizuri, ndipo apewe hata kijiko cha uji. Hulishwa akiwa amekaa wima, kijiko kidogo, tonge moja limemezwa ndipo lije lingine, na akishamaliza hubaki amekaa kwa dakika 30. Anayelishwa akiwa amelala na mto kichwani, uji unaweza kuingia mapafuni, na siku chache baadaye mnaambiwa ana nimonia. Dalili zake mnaweza kuziona hapohapo: kukohoa katikati ya mlo, sauti inayokoroma kama ina maji, chakula kilichojikusanya shavuni upande uliopooza. Kama mhudumu anaona hayo na mkono wa kijiko hausimami, jibu mnalo.

Tazameni visigino vya waliolala chali. Mto unatakiwa uwe chini ya shavu la mguu, kisigino kikielea bila kugusa godoro. Tazameni kikombe cha maji na kengele viko upande gani. Baba yenu akiwekewa kengele kulia, ni sawa na kutokuwa nayo. Na hapa pana jambo zito: kupooza upande wa kulia mara nyingi huenda pamoja na kupoteza maneno, kwa sababu kwa watu wengi sehemu ya ubongo ya lugha iko kushoto, upande uleule unaoendesha mkono wa kulia. Hataweza kuwaambia kama alishinda na kiu. Ulizeni mhudumu anajuaje mgonjwa asiyesema anapoumwa. Mwenye uzoefu atawatajia uso kukunjamana, kuguna anapogeuzwa, kukataa chakula. Kama baba amezoea Kisukuma au Kikerewe, ulizeni pia kama zamu za usiku zina mtu anayekijua. Mgonjwa aliyepoteza maneno hushika kwa shida zaidi akisemeshwa lugha aliyoizoea kidogo.

Harufu ya mkojo chumba kimoja, mara moja, si ushahidi. Huenda mtu amejikojolea dakika hiyo. Ikijaa ukumbi mzima mchana na usiku, ni ushahidi. Jik kali mno nayo itilieni shaka.

Karatasi ni kazi ya dakika kumi. Muuguzi awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kituo kinachotoa tiba kiwe na usajili wa kituo cha kutolea huduma za afya, maana makazi ya kulelea wazee ni kitu kingine, yako chini ya ustawi wa jamii. Bei mpewe kwa maandishi, ikionyesha kama pampasi, dawa, vifaa vya kufungia vidonda na fiziotherapia (mazoezi ya viungo) vimo ndani. Mwisho ulizeni: "Saa nane usiku hali ikibadilika, gari ni lipi, dereva analala wapi, na mnampeleka hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure?" Anayejibu "hatujawahi kupata shida" hajajibu.

Kati ya jengo la zamani lenye wahudumu wanne usiku na la vigae lenye mmoja, sisi tungechukua la zamani bila kusita. Na vigae vya kung'aa, vikilowa, ndivyo vinavyovunja nyonga za wazee.

SWALI: Mama yuko kituoni Mwanza mjini, mwezi sasa. Nimevuka kutoka Nansio kumwona, nikakuta ana kidonda juu kidogo ya makalio, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Muuguzi kaniambia ni kawaida kwa mtu wa kulala. Ni kweli? *Binti wa Ukerewe*

JIBU: Si kawaida, dada. Wapo wagonjwa mahututi ambao ngozi huwashinda hata wakiuguzwa vizuri, lakini vidonda vingi vya kulala huzuilika, na anayekuambia ni kawaida anakuambia pia kwamba hatafanya kitu.

Kidonda hiki huanzia ndani. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na saa chache zinatosha kuiua. Jambo la pili ni kuburutwa: kichwa cha kitanda kikiinuliwa zaidi ya nyuzi 30 mgonjwa huteleza kuelekea miguuni, mfupa unashuka lakini ngozi imeshikwa na shuka. Ndiyo maana akishakula na zile dakika 30 kuisha, kitanda kinashushwa. La tatu ni ngozi kulowa mkojo.

Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani mapema. Weka mgongo wa kiganja: pana joto au baridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au patepete kama tunda lililoiva mno? Rangi imekoza au imekuwa ya zambarau? Yoyote kati ya hayo, hata kama ngozi haijapasuka, kidonda kimeanza, na mahali hapo pasilaliwe tena mpaka parudi sawa. Kagua mwisho wa mgongo, nyonga zote mbili, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, kisogo, na masikio kwa anayelala ubavu.

Kuna mambo yanafanywa kwa nia njema na yanaharibu. Kusugua kwa spiriti hukausha ngozi. Kukanda mahali palipoanza kubadilika huchana mishipa midogo iliyokwisha kuumia. Mpira wa duara wa kukalia hubana damu pande zote za tundu. Glovu iliyojazwa maji chini ya kisigino ni mchezo tu, kisigino bado kimelalia kitu. Godoro la upepo linasaidia, lakini halimgeuzi mtu, na umeme ukikatika linasinyaa. Lijaribu: ingiza kiganja chini ya godoro, usawa wa makalio ya mama. Ukiusikia mfupa wake, upepo hautoshi.

Kabla hujarudi Nansio, kaa na msimamizi wa wauguzi upate majibu manne yaliyoandikwa: kidonda kilionekana tarehe ngapi, kina urefu, upana na kina cha sentimita ngapi, daktari aliambiwa lini, na mpango ni upi. Akitafuta tarehe kwa kukisia, ujue hakuna aliyekuwa akikagua. Kwa kuwa meli hairuhusu uje kila siku, ombeni picha ya WhatsApp mara moja kwa wiki, rula ikiwa kando ya kidonda. Bila rula picha haikuambii kitu. Simu ikisogezwa karibu kidonda kinakua, ikirudishwa nyuma kinapungua. Wiki mbili bila kusinyaa, mpango ubadilishwe na daktari akione.

Asingoje wiki mbili, aende hospitali siku hiyohiyo, ukiona weusi ndani ya kidonda, usaha, harufu mbaya, mfupa, au mama akipata homa. Chakula nacho kihesabiwe: kidonda hakifungi kwa uji mtupu na chai. Yai, maharage, maziwa, dagaa waliosagwa, kila mlo kimoja wapo. Kama ana kisukari, sukari isiyodhibitiwa itazuia kidonda kupona hata akigeuzwa kila saa mbili.

Wasipokusikiliza, peleka malalamiko kwa mganga mkuu wa halmashauri. Kituo kikiwa Nyamagana ni Jiji la Mwanza, kikiwa Ilemela ni Manispaa ya Ilemela.

SWALI: Tunalipia fiziotherapia ya kila siku kwa mzee wetu. Miezi miwili, sioni tofauti. Tunaibiwa, au ugonjwa ndivyo ulivyo? *Igoma*

JIBU: Inawezekana yote mawili, ila lipo la kupima. Omba kumbukumbu za siku aliyoingia: aliweza kukaa bila kuegemea kwa sekunde ngapi, alihitaji watu wangapi kusimama, alitembea mita 10 kwa muda gani. Vipimo hivyohivyo vinatakiwa kurudiwa kila wiki mbili. Bila namba ya kwanza hakuna anayeweza kukuambia amepiga hatua au la, na hilo peke yake ni kosa la kituo.

Kisha kaa kwenye kipindi kimoja. Kunyooshwa mkono kwa dakika kumi huku mzee amefumba macho huenda kukasaidia viungo visikakamae, lakini hakumrudishii kutembea. Ubongo hujifunza upya kwa kufanya na kurudia: kuinuka kitini mara kumi, kupumzika, mara kumi tena; kufikia kikombe; kuhamisha uzito mguu hadi mguu. Mzee atoke amechoka. Baada ya kiharusi, miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye maendeleo ya haraka kuliko yote, kwa hiyo mwezi uliopotea una gharama.

Jaribio la siri: mtazame mhudumu wa kawaida, asiye mtaalamu wa mazoezi, akimvalisha shati. Kuvaa huanza mkono mgonjwa, kuvua huanza mkono mzima. Akimwinua kwa kumshika kwapani au kuuvuta mkono uliopooza, bega litachomoka taratibu, na bega linalouma ndilo linalowafanya wengi wakatae mazoezi. Watu huandika "mgonjwa hana ushirikiano" wakati wao ndio walimuumiza.

SWALI: Nilimkuta bibi amefungwa mikono kitandani kwa kitenge. Wanasema usiku anahangaika. Ni sawa? *Sengerema*

JIBU: Hapana. Kumfunga mtu kunahitaji agizo la daktari lililoandikwa, lenye sababu na saa za kuanza na kuisha, na kukaguliwa mara kwa mara. Kitenge cha mhudumu si agizo. Anayehangaika ghafla usiku ana sababu: kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umekunjwa au umeziba, maumivu, choo kigumu, sukari imeshuka, dawa mpya, au homa inaanza. Huku kwetu homa hukimbiliwa na dawa ya malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini mkojo na kifua navyo vikaguliwe, hasa mwenye mpira wa mkojo. Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya usawa wa kibofu, bila kugusa sakafu. Hofu ikiwa ni kuanguka, kitanda kishushwe au godoro liwekwe chini, ndani ya chandarua.

SWALI: Tunaruhusiwa kumpelekea mzee sato? Chakula cha kituo hakipandi. *Kirumba*

JIBU: Mkishamuuliza muuguzi hali ya kumeza kwake, ndiyo. Sato wa kuchemsha, nyama ichambuliwe kwa vidole, si kwa uma, maana vidole ndivyo vinavyosikia mwiba. Isagwe na mchuzi mpaka isiwe na maji yanayojitenga. Mwenye shida ya kumeza hupaliwa na mchuzi mwepesi kuliko na kitu kizito kilicho laini. Chumvi kidogo kama ana presha. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mpelekeeni mgeni wake, yeye bado.